Kutaipu au hatimkato? Kabla ulipe karo, soma kwanza tangazo la kazi

Tuseme umemaliza KCSE, una C- au C, na unaishi Kocholia, Amagoro au mjini Malaba. Mjomba anasema kazi ni ya serikali, zingine zote ni kusukuma siku. Shangazi, ambaye enzi za Moi alikuwa sekretari kwa ofisi ya DC, anakwambia usome shothandi kwa sababu wale wa kutaipu tu walikuwa wakiachwa nyuma kwa vyeo. Jirani mwenye saiba anakwambia achana na hao wazee, njoo hapa utaipie watu barua. Na kuna chuo kimekodisha ghorofa juu ya duka la simu, kimebandika bango kuwa usajili wa muhula mpya unaendelea, kozi ya ukatibu na kazi za ofisi, ajira "nje nje".

Wote hao wanakupenda, isipokuwa pengine huyo wa bango. Lakini kila mmoja anakushauri kwa kalenda yake.

Nikupe jibu langu mapema, halafu nikueleze. Jifunze kutaipu vizuri, ila usiende kutafuta kazi ya kutaipu. Na hatimkato, hiyo ambayo shangazi anaiita shothandi, usiitolee hata shilingi moja mpaka uwe umeona kwa macho yako tangazo la kazi linaloidai. Ujuzi ambao serikali bado inahitaji kulipia uko katikati ya hizo mbili, na hauko kwenye bango la mtu yeyote.

Shangazi hakudanganyi

Ili uelewe kwa nini shangazi anashikilia shothandi, lazima ujue ofisi ya zamani ilivyofanya kazi.

Mtu akiongea kawaida, hutoa maneno kama 120 hadi 150 kwa dakika. Mtaipu hodari hupiga 50 au 60. Mwenye kalamu ndiye wa mwisho kabisa. Sasa bosi anataka kutamka barua huku akitembea ofisini, nani atamkamata? Mwingereza Isaac Pitman alitoa jibu mwaka wa 1837: acha herufi, andika sauti kwa vistari na vinukta. Aliyeiva kwa mfumo huo aliweza kushika maneno 100 na zaidi kwa dakika. Ujuzi huo ulikuja hapa na serikali ya mkoloni na ukabaki baada ya Uhuru.

Ndiyo maana utumishi wa umma wa Kenya uliwapanga watu kwa ngazi. Chini alikuwa Copy Typist. Huyu aliletewa karatasi imeandikwa kwa mkono, akaipiga chapa, akairudisha. Juu yake alikuwa Shorthand Typist, na juu zaidi Personal Secretary. Mitihani ya KNEC ilifuata ngazi hizo hizo: kutaipu kwa hatua, ya tatu ikidai maneno 50 kwa dakika, na hatimkato ikipimwa kivyake kwa kasi yake. Ukiongeza kasi, unaongeza cheo. Ukiongeza cheo, unaongeza mshahara.

Lakini tazama vizuri kilicholipiwa. Copy Typist alikaa chumba kimoja na wenzake, kelele ya taipureta kutwa. Mwenye hatimkato aliitwa ndani kwa bosi, mlango ukafungwa. Alisikia nani anahamishwa, nani anapewa onyo, tenda inaenda wapi. Hatimkato ilikuwa ufunguo wa mlango huo. Alipofika ndani, alilipwa kwa kusikia sawasawa, kuandika bila kukosea, na kufunga mdomo.

Kwa wasichana wengi wa miaka ya 70 na 80 hiyo ndiyo ilikuwa njia ya mshahara wa kila mwezi, nyumba ya serikali na pensheni. Kwa hivyo ukimcheka shangazi, unakosea. Anasema ukweli, isipokuwa ukweli wake una tarehe.

Nani alikula kazi ya kutaipu

Wengi husema kompyuta ndiyo iliua taipisti. Kompyuta ilisaidia, ndiyo, lakini aliyechukua kazi yenyewe ni bosi. Mara tu alipowekewa kompyuta mezani na barua pepe, akaanza kujiandikia. Ofisa kijana aliyetoka chuo kikuu hakuhitaji mtu wa kumpigia chapa ukurasa mmoja.

Pesa nazo zilisukuma. Mwaka wa 1993 serikali ilianza mageuzi ya utumishi wa umma kwa shinikizo la wafadhili, na watumishi wa vyeo vya chini, makundi ya A hadi G, ndio waliolengwa na mpango wa kustaafu mapema kwa hiari. Makarani na mataipisti walikuwa humo humo.

Halafu likaja pigo ambalo watu hawalihesabu. eCitizen ilianza 2014, na Juni 2023 Rais Ruto akazindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali mtandaoni. Fikiria hilo linamaanisha nini kwa upande wa kutaipu. Zamani ulienda ofisini, ukajaza fomu kwa kalamu, na karani wa serikali akaiingiza kwenye rekodi. Leo ni wewe unayeingiza jina lako, nambari ya kitambulisho, jina la mama, kila kitu. Serikali haikufuta kazi ya kutaipu. Iliihamisha kutoka kwa karani wake ikaileta kwako, bila mshahara.

Na usipoweza, unaenda kwa jirani mwenye saiba, unamlipa akutaipie. Pasipoti, PIN ya KRA, mkopo wa HELB, cheti cha tabia njema, usajili wa SHA. Chumba kile cha mataipisti wa serikali hakikufungwa kamwe. Kiko hapo barabarani Malaba, kimeandikwa "Cyber & Printing", na kodi yake inalipwa na kijana wa rika lako anayeombea stima isipotee.

Kwa hivyo jirani naye hadanganyi anapokwambia kuna kazi ya kutaipu. Ipo. Lakini hiyo ni biashara, si ajira ya serikali. Haina job group, haina likizo, haina pensheni. Ukiichagua, ichague kama biashara.

Nani alikula hatimkato

Hii iliuawa na kinasa sauti. Ila sikiliza hesabu, kwa sababu ndani yake kuna kazi.

Mkutano wa saa moja, watu wakiongea kwa kasi ya maneno 120 kwa dakika, ni maneno 7,200. Zamani mwenye hatimkato aliyashika palepale. Leo simu inayashika. Lakini sauti ndani ya simu si hati. Lazima mtu aigeuze iwe maandishi. Mwenye kasi ya 50 kwa dakika, hata asisimame kunywa maji, anahitaji dakika 144, yaani saa mbili na dakika 24. Mwenye kasi ya 30 anahitaji saa nne. Na hapo sijaweka muda wa kurudisha nyuma kusikiliza yule aliyeongea akitafuna.

Unaona kilichotokea? Kinasa sauti kiliondoa alama za Pitman, lakini kikafanya masikio na vidole kuwa muhimu zaidi. Ndiyo maana mwenye hatimkato peke yake amebaki na alama ambazo hakuna mtu mwingine ofisini anaweza kuzisoma, ilhali mwenye kasi nzuri ya kibodi na Kiswahili na Kiingereza safi bado ana pa kukaa.

Matangazo yenyewe yanasema nini

Hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu ukatibu wa serikali hauendi kwa maoni ya mjomba. Unaenda kwa muundo wa utumishi, ule waraka unaosema cheo fulani kinahitaji cheti gani. Tume ya Utumishi wa Umma, PSC, ina miundo yake. Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Busia hutangaza nafasi za kaunti. Bunge la Kaunti lina bodi yake tofauti. Ni milango mitatu, na kila mmoja una kufuli lake.

Kwa Kenya, nafasi zinazokuhusu zinaangukia vikundi vitatu.

Kwanza ni karani, Clerical Officer. Mara nyingi huyu huitishwa wastani wa C- au C ya KCSE kulingana na tangazo, pamoja na ujuzi wa kompyuta. Hakuna hatimkato. Kazi yake ni masjala, faili, barua zinazoingia na kutoka, kuingiza takwimu.

Pili ni wasaidizi wa ofisi, wale walioitwa mataipisti na masekretari, na siku hizi wanaitwa Office Administrative Assistant na Office Administrator. Badiliko hilo la jina lina maana. Neno "chapa" limetoka, neno "usimamizi" limeingia. Hawa huulizwa cheti cha ukatibu au ile mitihani ya hatua ya KNEC: kutaipu au uandaaji wa hati kwa kompyuta, Kiingereza cha biashara, shughuli za ofisi. Hatimkato ikitokea, mara nyingi hutokea kwa vyeo vya juu au kama njia mojawapo kati ya kadhaa.

Tatu ni Hansard, yaani rekodi rasmi ya kila neno linalosemwa bungeni. Watu husahau kuwa tangu 2013 nchi hii haina Hansard moja. Kuna Bunge la Kitaifa, Seneti, na mabunge 47 ya kaunti. Hizo ni nyumba 49, na kila moja inahitaji watu wa kugeuza sauti kuwa maandishi yasiyo na aibu. Hii ndiyo kazi inayokaribia zaidi ile ya shangazi, lakini wanayoipima ni lugha na elimu ya juu kidogo, mara nyingi diploma au digrii.

Sasa vuka mpaka kidogo, uone kitu cha kushangaza. Upande wa Uganda, ng'ambo ya daraja pale, utumishi wa umma bado una vyeo vinavyoitwa Stenographer Secretary na Office Typist, majina ambayo hapa kwetu yanapotea. Na Tanzania? Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa nafasi ya Katibu Mahsusi, ambayo pia huitwa Mwandishi Mwendesha Ofisi, yamekuwa yakidai wazi kabisa: ufaulu wa hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika moja, pamoja na programu za kompyuta. Umesoma sawa, hatimkato ya Kiswahili. Chuo cha Utumishi wa Umma cha kule kinafundisha uhazili mpaka leo.

Nchi tatu jirani, simu zilezile, kompyuta zilezile, na masharti tofauti. Kwa hivyo mtu akikwambia "shothandi imekufa" au "shothandi ndiyo mpango", muulize, kwa tangazo gani? Hatimkato inaishi pale waraka unapoidai na inakufa pale waraka unapoiacha. Msichana wa Tabora anayeisoma hajapotea hata kidogo. Wewe wa Kocholia unayeisoma kwa sababu ya bango, huenda umepotea.

Malaba, sinema hii tuliiona

Kama unafikiri haya ni mambo ya Nairobi, rudi nyuma mwaka wa 2014. Ndipo mfumo wa Himaya Moja ya Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipoanza kufanya kazi. Kabla yake, lori la mzigo wa Uganda lilisimama hapa, na karatasi zake zikashughulikiwa hapa. Ofisi za mawakala wa forodha zilijaa vijana waliojua kuingiza maelezo ya mzigo kwenye mfumo, kupiga nakala, kukimbiza mihuri. Mji ulikula kwa makaratasi.

Baada ya hapo, maelezo ya mzigo yakawa yanakamilishwa na ushuru kulipwa kabla lori halijatoka Mombasa. Mwaka wa 2018, Rais Kenyatta na Rais Museveni walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia, jambo zima lilikuwa kupunguza kusimama. Kwa mfanyabiashara ni neema. Kwa kijana aliyekuwa akilipwa kwa kuingiza fomu, kazi ilihama kilomita mamia kadhaa bila hata kumuaga.

Waliobaki ni akina nani? Angalia waliobaki na ofisi leo. Ni wale waliokuwa wanaelewa mzigo: ushuru wa bidhaa gani ni kiasi gani, cheti gani cha ubora kinahitajika, nani wa kupigiwa simu lori likikwama. Walitaipu, ndiyo, lakini kutaipu hakukuwa kazi yao. Kulikuwa kifaa chao.

Hilo ndilo somo la mpaka huu kwa kila kazi ya ukarani. Ukijua kujaza fomu tu, fomu ikihama, unahama nayo au unabaki na njaa. Ukijua fomu inahusu nini, utapata meza nyingine.

Na akili unde je?

Najua umeshaanza kusema, "Msee, si AI itafanya yote?" Swali zuri, na jibu lake si ndiyo wala hapana.

Mwaka wa 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa Whisper, programu inayosikiliza sauti na kuandika. Ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Karibu theluthi mbili ya saa hizo ni Kiingereza. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Kiteso hakimo. Kikhayo hakimo.

Sasa fikiria baraza la wananchi kule Teso Kaskazini. Chifu anaanza kwa Kiswahili, mzee anajibu kwa Kiteso, mama mmoja anachanganya Kiswahili na Kibukusu, kijana anamalizia kwa Sheng, halafu ofisa wa kaunti anataja vifungu kwa Kiingereza. Weka programu yoyote hapo. Itakuletea karatasi iliyojaa maneno yanayofanana na maneno. Nani atajua kuwa mzee alikataa pendekezo, hakulikubali? Nani atajua kuwa jina lililoandikwa si la mtu, ni la kijiji?

Kwa Kiingereza safi cha mkutano wa ofisini, mashine tayari inatoa rasimu nzuri, na hiyo itazidi kuwa nzuri. Tena usiweke matumaini yako kwenye udhaifu wa mashine, kwa sababu Kiteso nacho kitafikiwa siku moja. Weka kwenye jambo hili: kumbukumbu za mkutano zina sahihi. Mtu hutia jina lake kusema, "Hivi ndivyo ilivyoamuliwa." Ardhi ikigombaniwa baada ya miaka kumi, faili hilo litaitishwa. Mahakama zetu nazo zimeenda kidijitali, kesi zikiwasilishwa mtandaoni tangu Julai 2020 kule Nairobi na baadaye kwingineko, na bado rekodi ya shahidi lazima iwe ileile aliyoisema. Programu inaweza kuandika. Kuulizwa kwa nini umeandika hivyo, hapo anaitwa mtu.

Kwa hivyo kinachobaki mezani ni kile kilekile ambacho shangazi alilipwa nacho mlango ulipofungwa: kusikia sawasawa, kuandika bila kukosea, kufunga mdomo. Vistari vya Pitman vilikuwa njia ya kufika hapo tu.

Ukweli mchungu kuhusu nafasi

Sitakupamba. Hata ukijiandaa vizuri namna gani, nafasi ni chache. Kanuni za fedha za umma za 2015 zinasema mishahara ya kaunti isizidi asilimia 35 ya mapato yake, na kwenye kongamano la kitaifa kuhusu mishahara Aprili 2024 serikali ilirudia wimbo wa asilimia 35. Bajeti ikibanwa, wa kwanza kuambiwa "tutawaita" ni karani. Nafasi za muuguzi na mwalimu zina watu wa kuzipigania barabarani. Nafasi ya karani wa masjala haipiganiwi kwa kelele kama hiyo.

Uchache huo ndio unaozaa wezi wawili.

Wa kwanza ni dalali wa ajira, yule anayesema ana mtu wake ndani, toa kitu kidogo jina liingie. Kuomba kazi kwa PSC ni bure na ni mtandaoni. Katiba, kifungu cha 232, inataka uteuzi wa haki na wa ushindani. Najua unacheka. Cheka, lakini usitoe pesa ya ng'ombe wa nyumbani, kwa sababu dalali akikula huna hata risiti ya kumshtakia.

Wa pili ni yule wa cheti cha haraka. Februari 2024 PSC ilitangaza kuwa ukaguzi wake umepata watumishi zaidi ya 2,000 wenye vyeti ghushi. Huko si kuogopeshana. Mtu anaweza kufanya kazi miaka kadhaa kisha adaiwe mshahara wote aliopokea. Kwa hivyo kabla hujalipa chuo chochote, cha ghorofa ya pili au cha ekari hamsini, uliza swali moja: mtihani wa mwisho unatungwa na nani? Kama si KNEC, au CDACC inayosimamia mitaala mipya ya umilisi, au taasisi nyingine ambayo jina lake limo kwenye tangazo la kazi, cheti hicho ni pambo la ukuta.

Basi ufanye nini?

Mimi mwenyewe sikumaliza chuo, kwa hivyo sina haja ya kukuhubiria vyeti. Ninachokwambia ni mpangilio wa matumizi ya pesa kidogo na muda mwingi.

Anza na kutaipu, kwa sababu ni bei rahisi. Kuna programu za bure za kujifunzia, na wiki sita hadi nane za nusu saa kila siku zitakutoa mbali. Vidole gumba vyako vina kasi ya ajabu kwa simu, lakini mtihani hauko kwa simu. Lenga 50 kwa dakika bila kutazama kibodi. Ukikosa kompyuta, mwambie yule jirani wa saiba akuache asubuhi kabla wateja hawajafika, nawe umsaidie kufagia au kuhudumia. Kwa njia hiyo unapata mazoezi na unajifunza fomu za serikali kutoka upande wa pili.

Ukishafika hapo, ongeza lugha. Chukua kikao cha bunge kinachorushwa mtandaoni, dakika kumi tu, ukiandike neno kwa neno. Halafu kifupishe kiwe nusu ukurasa: nani alipendekeza, nani alipinga, nini kiliamuliwa. Hicho cha pili ndicho kigumu, na ndicho kinacholipwa. Kama unajua Kiteso au lugha nyingine ya hapa, usiione ni ya nyumbani tu. Kwenye kaunti yenye watu wa lugha nyingi kama Busia, karani anayesikia wote ana uzito.

Kisha tafuta meza yenye somo lake. Mfano uko hapo hapo Kocholia, kwenye hospitali ya kaunti ndogo. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mgonjwa bila usajili sahihi ni shida. Nambari moja ya kitambulisho ikikosewa, malipo hayapiti. Kazi ya kumbukumbu za afya ni ukarani ulio na somo ndani yake, na KMTC inaifundisha. Manunuzi nayo ni hivyo. Rekodi za mahakama ni hivyo. Forodha, kama nilivyosema, ni hivyo. Ukilinganisha na kozi tupu ya "kutaipu na shothandi", muda ni ule ule au unazidi kidogo, lakini mmoja ana mahali pa kwenda fomu ikihama.

Ukiamua ukatibu hasa, sawa, ni kazi ya heshima. Nenda chuo cha kiufundi cha umma kama Bumbe kule Funyula au kingine kilichosajiliwa, uulize mtaala na mtihani, kisha ulinganishe na matangazo matatu: la PSC, la bodi ya kaunti, na la bunge la kaunti. Yachapishe. Pigia mstari kila sharti. Kile kinachotokea kwenye matangazo mawili au matatu, kilipie. Kinachotokea kwenye bango la chuo pekee, kiache hapo kwenye bango.

Na hatimkato? Ukiona inadaiwa kwa kazi unayoweza kuomba, au ukitaka kuandika habari na unajua itakusaidia kwa mahojiano, isome bila aibu. Shangazi atafurahi kukufundisha bure, pengine ndiye mwalimu bora utakayempata kuanzia hapa hadi Kisumu. Ukikaa naye, muulize pia alichofanya siku alipoandika jambo ambalo bosi baadaye alikana kulisema. Jibu lake ni kozi nzima, na hakuna chuo cha Malaba kinachoifundisha.